Mapato mengineyo: cheti cha NGO kinasema nini, na hela hasa anatoa nani

Kwetu Igogo, hapa Mwanza, mkishazika, kabla turubai halijashushwa, kuna jambo linafanyika ambalo nimelikuta tangu mdogo na sikuwahi kulifikiria sana. Watu wakishakula, katibu wa kamati ya msiba anasimama na daftari anasoma. Mapato: majirani wametoa kiasi gani, jumuiya kiasi gani, kazini kwa marehemu kiasi gani, kikundi cha kina mama kiasi gani. Alafu matumizi, jeneza, gari, mchele, maharage, kuni, viti, sukari, mpaka kiberiti. Alafu kilichobaki ni hiki na amekabidhiwa fulani mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mwenye swali anauliza hapo hapo. Nishaona mzee mmoja kauliza kwanini kuni zimekuwa za gari zima wakati msiba wa mtaa wa juu zilitosha za mkokoteni mmoja, na katibu hakukasirika, akaeleza kwamba usiku ule mvua ilipiga kuni za kwanza zikalowa zote ikabidi zinunuliwe nyingine, mzee akasema sawa, watu wakatawanyika.

Naanza na hilo kwa sababu ya swali la shangazi yangu. Shangazi anauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, miaka mingi tu. Kuna kijana huwa anapita sokoni, msafi, mpole, ana fulana ya shirika lake na cheti kimepigwa laminesheni, anaomba michango ya watoto yatima. Kina mama wanatoa, huyu elfu moja, huyu mia tano, mwingine hana hela siku hiyo anampimia nusu sado ya dagaa. Siku moja shangazi akakishika kile cheti, akakigeuza mbele na nyuma, kimeandikwa Kiingereza, akakipiga picha akanitumia WhatsApp na chini yake sauti: "Mwanangu hebu nisomee, hiki cheti kinasema hawa watu wanakula hela au hawali?"

Nilijaribu kumjibu kwa sauti ya dakika mbili nikashindwa, maana swali lenyewe limebeba mambo matatu au manne yaliyojikunja pamoja kama nyavu zilizokaa vibaya kwenye mtumbwi, ukivuta huku kunakaza kule. Kwahiyo naandika yote hapa, najua siyo shangazi peke yake anayejiuliza.

Jibu fupi ni kwamba kile cheti hakisemi wanakula na hakisemi hawali. Ni cheti cha usajili. Kinasema shirika lipo, lina jina, lina katiba, lina viongozi waliojaza fomu, serikali inalitambua, basi. Mtumbwi ukiwa na namba ubavuni ujue umesajiliwa, lakini namba haizibi tundu, na hakuna mvuvi atakayepanda kwenda Ukerewe kwa sababu tu ameona namba.

Na hata huo usajili wenyewe una milango mingi ndio maana watu wanachanganyikiwa. NGO zinasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, kwa Msajili ambaye yuko chini ya wizara inayoshughulika na maendeleo ya jamii. Vyama na taasisi za dini vinaenda Mambo ya Ndani kwenye Sheria ya Jumuiya ambayo ni ya zamani sana, ya mkoloni. Bodi za wadhamini zinaandikishwa RITA, wakala wa serikali wa ufilisi na udhamini. Makampuni yako BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Vikundi vidogo vya mtaani, vya kina mama, vya vijana, vya wavuvi, vinaandikishwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Kila mlango unatoa karatasi yake yenye mhuri, na kwa macho ya mtu aliyekaa nyuma ya meza ya dagaa mihuri yote inafanana.

Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, mashirika yaliyokuwa yamejisajili kama makampuni au jumuiya huku yanafanya kazi za NGO yakatakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGO, na cheti kikawekewa uhai wa miaka 10. Alafu kuna kitu ndani ya sheria hiyo ya 2002 ambacho nadhani wengi hawakijui na mimi nakiona ndio cha maana kuliko cheti: kila mwaka shirika linatakiwa liandae ripoti ya kazi zake na ripoti ya hesabu zilizokaguliwa, na ripoti hizo ziwe wazi kwa umma. Umma ni shangazi. Siyo mfadhili wa nje peke yake, siyo wizara peke yake. Ukiiomba hujavunja adabu, hujamtukana mtu wala hujamwita mwizi.

Karatasi ya pili ni ya TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania. Hapa watu wengi wanaamini kwamba ukishakuwa NGO tu basi kodi hulipi, siyo hivyo. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 shirika linatakiwa lipate uamuzi wa Kamishna kwamba ni la hisani kweli, yani lipo kwa ajili ya kuondoa umaskini au taabu za watu, au elimu, au afya, maji, barabara za umma na mambo ya namna hiyo. Linaweza likawa limesajiliwa vizuri kabisa na hiyo hadhi halina. Na kwa upande wa mtoaji, mfanyabiashara akichangia shirika lenye hadhi hiyo anaruhusiwa kuutoa mchango wake kwenye mapato kabla ya kukokotolewa kodi, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Asilimia mbili ni kidogo. Na inamgusa mwenye hesabu za biashara zilizoandaliwa vizuri, yani tajiri wa kiwanda cha samaki anaweza kufaidika, mwalimu anayekatwa kodi kwenye mshahara hafaidiki, na shangazi anayekadiriwa kodi kwa mauzo ndio kabisa, hata akitoa nusu ya faida yake kwa yatima hakuna popote inapoandikwa.

Sasa ndio tufike kwenye karatasi ya tatu, ambayo ndio ingejibu swali la shangazi kama ingekuwepo mkononi mwa yule kijana. Hiyo ni ithibati. Maana yake kuna mtu wa nje, asiye wa shirika, ameenda ofisini kwao, amefungua vitabu, ameomba mihtasari ya vikao vya bodi, ameuliza bodi inakutana kweli au ni majina ya ndugu tu, ameangalia risiti, amekwenda mpaka kijijini wanakosema wamechimba kisima akaangalia kama maji yanatoka, alafu akarudi akaandika. Baada ya hapo jopo linakaa linaamua hawa tunawathibitisha au bado. Na ithibati ina mwisho, muda ukiisha unakaguliwa upya.

Nchi ambayo hili limefanyika kwa mpangilio, na inafanana na sisi kwa jinsi watu wanavyotoa, ni Pakistan. Kule mwaka 2001 kilianzishwa kituo kinaitwa Pakistan Centre for Philanthropy, na mtandao wa Aga Khan ulikuwa nyuma ya chimbuko lake. Miaka michache baadaye mamlaka ya kodi ya kule ikakipa kibali cha kukagua mashirika na kutoa ithibati, ambayo mamlaka inaitambua shirika likiomba misamaha ya kodi. Wanaangalia mambo makubwa matatu: uongozi wa ndani ukoje, fedha zinasimamiwaje, na kazi kule chini inafanyika kweli au inafanyika kwenye karatasi tu. Ithibati inakaa miaka mitatu.

Ufilipino walitangulia kidogo na hadithi yao naipenda kwa sababu haikuanzia serikalini. Miaka ya tisini serikali yao iliona taasisi za hisani zinatumika kukwepa kodi ikawa inafikiria kufuta kabisa nafuu ya kodi kwa wachangiaji. Mashirika yakaona mlango unafungwa kwa sababu ya wachache, yakasema tupeni nafasi tujikague wenyewe. Mitandao sita ya kitaifa ikaungana ikaanzisha baraza, Philippine Council for NGO Certification, na mwaka 1998 wizara ya fedha ikakubali kwamba shirika likipitishwa na baraza hilo ndio litambuliwe kwenye kodi. Wakaguzi wengi ni watu wa mashirika mengine yaliyokwishapita, wanajitolea, yani mhasibu wa shirika la Cebu anakwenda kukagua shirika la Davao, na kwakuwa yeye mwenyewe ameshakaa upande wa kukaguliwa anajua mtu anaficha wapi. Ithibati inaweza kuwa ya mwaka mmoja, mitatu au mitano kutegemea walivyokuta hali. Mwaka 2007 rais wa wakati huo alitoa amri ya kulinyang'anya baraza kazi hiyo na kuipeleka kwa idara za serikali, kelele zikawa nyingi, na mwaka uliofuata ikarudishwa.

Kule pia sheria inaweka kwamba shirika linalotaka mchangiaji wake apate nafuu kamili lisitumie zaidi ya asilimia 30 ya matumizi yake kwenye uendeshaji wa ofisi. Hapa niseme kidogo maana najua watu wanavyowaka wakisikia mambo ya ofisi. Ofisi siyo dhambi. Kodi ya chumba, mshahara wa mhasibu, bando, hata huyo mkaguzi wa hesabu tunayemtaka analipwa, na shirika lisilo na mhasibu ndilo hela zake zinapotea bila hata mtu kuiba. Kinachotakiwa ni kiwango kinachojulikana na mtu anayeangalia kama kimefuatwa.

Huku kwetu ziwani nako siyo kwamba hakuna kitu. Uganda, ng'ambo ya pili, mashirika yalizindua utaratibu wao wa kujithibitisha mwaka 2006 unaitwa QuAM. Sisi sheria ya 2002 ilianzisha Baraza la Taifa la NGO, NaCoNGO, na kulipa kazi ya kutunga kanuni za maadili za mashirika, na mwaka 2018 zikaja kanuni za serikali zinazotaka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitolewe taarifa ndani ya siku 10. Haya ni mambo ya msingi mzuri. Ila kanuni ya milioni 20 inaangalia hela kubwa, hela ya mkataba, hela ya mfadhili. Mia tano za Mwaloni hazimo humo.

Na hapa ndipo utafiti unapoingia, maana ithibati bila kujua nani anatoa nini kwa nani ni kama kujenga gati bila kuuliza mitumbwi inatia nanga wapi.

Pakistan walianza na utafiti kabla hata ya kuanzisha kituo. Aga Khan Foundation ilifanya uchunguzi wa utoaji wa watu wa kawaida kwa mwaka 1998, ripoti ikatoka mwaka 2000, na walichokuta kiliwashangaza wengi: wananchi wenyewe, siyo wazungu, siyo Umoja wa Mataifa, walikuwa wametoa fedha na vitu vya thamani ya rupia bilioni 41 hivi kwa mwaka, na muda wao wa kujitolea ukikadiriwa kwa malipo ya kazi unafika bilioni 29 nyingine. Jumla kama bilioni 70. Miaka kama kumi na tano baadaye kituo kikaja na hesabu nyingine, bilioni 240 hivi kwa mwaka. Usiseme haraka kwamba wamekuwa wakarimu mara tatu, bei zimepanda na watu wameongezeka, lakini hela yenyewe ni zaidi ya asilimia moja ya pato zima la nchi, na karibu watu wote, asilimia 98, wanatoa kwa namna fulani, awe na fedha, awe na vitu, awe na mikono yake tu.

Alafu namba ambayo kwangu mimi ndio kiini cha habari yote: asilimia 67 ya kinachotolewa inakwenda moja kwa moja kwa mtu mwenye shida, na asilimia 33 tu ndio inapita kwenye mashirika na taasisi, na hapo pia sehemu kubwa ni taasisi za dini. Maana yake ithibati yote ile, majopo, wakaguzi, safari za vijijini, inagusa theluthi moja ya utoaji. Theluthi mbili inapita mkono kwa mkono.

Kwanini? Kwa sababu mtu anayempa anamjua. Kule tangu 1980 serikali iliweka utaratibu wa kukata zaka asilimia 2.5 kwenye akaunti za akiba Ramadhani inapoanza, na watu wengi siku chache kabla ya mwezi kuandama wanakwenda benki kutoa hela zao. Wengi wao zaka watatoa tena vizuri, ila wanataka watoe wenyewe, wamwone mjane, wamwone mtoto. Nilivyosoma hilo nilimkumbuka yule mzee na kuni zake. Mtu anataka kuona.

Sasa utafiti wa namna hii unafanywaje? Kwa kifupi wanapita kaya kwa kaya na maswali. Na hapo kwenye maswali ndipo kuna shida kubwa sana, nilitaka nijionee mwenyewe nikaenda Mwaloni nikakaa na shangazi kwenye gunia tupu nikamuuliza kama watafiti wanavyouliza: mwezi huu umetoa msaada wowote?

"Mwezi huu sijatoa kitu mwanangu, mbalamwezi imekaa sana, dagaa hakuna."

Ni kweli, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki kwa taa na soko linapoa. Ningekuwa mtafiti ningeweka alama ya hapana nikahamia meza ya pili. Ila nikaanza kumuuliza kimoja kimoja. Ulikwenda msiba wowote? Miwili, rambirambi elfu tano tano. Mgonjwa? Mke wa yule jamaa wa mizani alilazwa Bugando, elfu kumi. Kanisani? Elfu mbili kila Jumapili, Jumapili nne. Mtoto wa dada yake alikuwa anarudi shule Ukerewe hana nauli, elfu kumi na tano na hapo hajahesabu daftari. Kijana wa cheti, elfu moja. Harusi ya binti wa mwenzake, elfu thelathini, lakini hiyo akanikataza nisiiandike: "Hiyo siyo msaada, hilo ni deni, na mimi wangu ataolewa." Bibi jirani asiye na mtu, sado moja ya dagaa. Na usiku mbili alikesha msibani anapika, akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu nilipotaka kujua masaa mangapi, nani anahesabu masaa msibani.

Ukiweka na harusi ni elfu sabini na nne, bila dagaa na bila kule kukesha, kwa mtu aliyesema hajatoa kitu. Na katika hizo, zilizopita kwenye taasisi ni za kanisani na za kijana, elfu tisa, haifiki hata moja ya nane. Ni shangazi mmoja na mwezi mmoja, siyo utafiti, sitaki mtu aichukue kama takwimu. Ila inaonyesha kwanini swali likiulizwa kizembe utoaji wa watu wetu unapotea wote.

Kuna kipimo cha dunia kinachotajwa sana, World Giving Index cha shirika la Uingereza liitwalo Charities Aid Foundation, kilianza mwaka 2010 na kilitoka kwa jina hilo mpaka 2024. Watu walikuwa wanaulizwa maswali matatu kuhusu mwezi uliopita: ulimsaidia mgeni usiyemjua, ulitoa fedha kwa shirika la hisani, ulijitolea muda kwenye shirika. Indonesia ilishika namba moja miaka mingi mfululizo, na mwaka 2024 jirani zetu Kenya walikuwa wa pili duniani, mbele ya nchi zote tajiri, jambo la kujivunia kabisa. Lakini hebu muweke shangazi kwenye hayo maswali matatu. Bibi jirani siyo mgeni. Mtoto wa dada siyo mgeni. Msiba siyo shirika. Kukesha unapika hakuna shirika lililokutuma. Vingi vya maana alivyofanya mwezi ule havina pa kuandikwa, na hata hicho kipimo hakikuuliza kiasi, aliyetoa mia tano na aliyetoa milioni walikuwa sawa. Siyo kwamba kipimo kilikuwa kibaya, kilitaka kulinganisha nchi zaidi ya mia kwa maswali mepesi, ila ukikitumia kuelewa Kirumba kitakudanganya.

Watafiti wazuri wanalijua hili. Ndio maana wanauliza kwa orodha, wanataja msiba, harusi, ugonjwa, ada, sadaka, zaka, fungu la kumi, vitu, chakula, masaa. Wanauliza ndani ya muda mfupi ambao mtu anakumbuka. Wanachagua msimu kwa uangalifu, ukiuliza Ramadhani au Kwaresima utapata picha moja, ukiuliza Januari ada zimembana kila mtu utapata nyingine, na huku kwetu ukiuliza wakati wa mbalamwezi na wakati wa giza majibu ya mwalo mzima yanabadilika. Na wanaamua mapema kitu kama mchango wa harusi wanakiweka upande gani, maana shangazi ana hoja, ni deni kweli, lakini ni deni lisilo na mkataba wala riba na anayelipa anaweza asiwe yule aliyekopa.

Ukichukua hayo mawili pamoja, ithibati na utafiti, ndio unaona mambo yanavyoshikana. Utafiti unasema mtoaji mkubwa ni mwananchi na anatoa kwa anayemjua. Ithibati ni namna ya kumfanya mwananchi aweze kumwamini asiyemjua, yani jopo limeenda kuangalia kwa niaba yake kwa sababu yeye hawezi kuacha meza aende Kwimba kuangalia kisima. Ni ile ile kazi ya katibu wa msiba, isipokuwa hapa wafiwa ni wengi, wako mbali na hawawezi kukaa chini ya turubai moja.

Na watu wetu wakioneshwa wanatoa. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama pale Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu mia mbili wakapotea, rambirambi zilitoka kila kona ya nchi, na fedha hizo zikatumika kujenga kituo cha afya Bwisya, hapo hapo kisiwani. Ukifika Ukara unaingia mlangoni unakiona. Hakuna aliyeandikiwa ripoti lakini jengo lipo, akina mama wanajifungulia pale.

Ugumu ninaouona mimi ni gharama. Ithibati inataka hesabu zilizokaguliwa, mkaguzi aliyesajiliwa halipwi elfu hamsini. Inataka bodi, sera zilizoandikwa, mara nyingi kwa Kiingereza. Shirika kubwa lenye ofisi Capri Point litaweza. Kikundi cha kina mama wanaokausha samaki Kayenze na kulea yatima sita majumbani kwao hakitaweza, ingawa daftari lao likifunguliwa huenda ni safi kuliko la wakubwa. Kwahiyo tukiiga Pakistan au Ufilipino vile vile, tutajikuta tumetengeneza mlango ambao wenye uwezo wa kupita ni wale wale ambao tayari wana wafadhili. Mimi ningependa ngazi. Ya chini kabisa iwe rahisi: mapato na matumizi ukurasa mmoja kwa Kiswahili, umebandikwa ofisi ya mtaa, umesomwa mbele ya watu mara moja kwa mwaka, afisa maendeleo ya jamii ameshuhudia. Ukishafanya hivyo miaka miwili mitatu unapanda, unakaguliwa na kikundi cha kata nyingine kama wafanyavyo Wafilipino, na huko juu ndio waje wakaguzi wa hesabu na TRA.

Nilimweleza shangazi haya, siyo yote, nilimwambia tu kwamba kile cheti ni cha kuzaliwa siyo cha tabia, na kwamba ana haki ya kuomba ripoti. Kijana alipopita tena akamwomba. Na niseme ukweli kijana hakununa, alisema ofisini ipo, na kesho yake akaileta kweli, kurasa kama arobaini, Kiingereza kitupu, hesabu zimekaguliwa na kusainiwa. Nilifurahi. Shirika ni la kweli na linafanya kazi.

Shangazi akaniambia nimtafsirie ukurasa wa mapato. Mfadhili wa kwanza, wa nje, jina na kiasi. Mfadhili wa pili, wa nje, jina na kiasi. Wa tatu. Alafu mstari wa mwisho, mapato mengineyo, namba moja tu. Akauliza, "Sisi tuko wapi hapo?" Nikamgeukia kijana. Akaweka kidole kwenye ule mstari wa mwisho. Humo kuna riba ya benki, viti vya ofisi vya zamani walivyouza, na michango ya sokoni ya mwaka mzima.

Shangazi alinyamaza, akapunga nzi kwenye dagaa. Alafu akasema, "Kwahiyo mia tano zetu zimekaa na viti vibovu."

Kijana akaeleza kwamba hawana risiti za sokoni, watu wanatoa haraka haraka wengine hawataki hata kutaja jina, mkaguzi akasema ziwekwe pamoja. Hakudanganya. Shangazi akamwambia basi nunua daftari, andika jina au andika meza, na mwisho wa mwezi njoo usimame hapa kwenye mizani usome, nani katoa, na zimekwenda wapi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja na daftari jipya la kaunta. Alisimama pale kwenye mizani, sauti ikamtetemeka mwanzoni, soko lina kelele, akasoma meza moja moja mpaka akafika jumla, akasoma sare mbili za shule na dawa, akasoma kilichobaki. Kabla hajafunga daftari mama mmoja anayeuza furu akanyoosha mkono toka upande wa pili.

"Mia tano yangu ya Jumanne hujaisoma."